Chungu Kisicholazwa

Pale Kitulo Mpya, kumpokeza mwenzio zamu huku chungu kinatokota lilikuwa jambo la aibu, sawa na kumkaribisha mgeni kwenye nyumba isiyofagiwa. Kwa hiyo kila mpishi, zamu yake ikikaribia kwisha, aliuvuta wenzo wa kulaza, akangoja mafundo ya ndani yalegee na mishale ya vipimo itulie, ndipo akasema, "Haya, nimekulazia." Na anayepokea akajibu, "Ahsante, mwenzangu." Adabu hiyo hakuna aliyewafundisha. Waliikuta kwa waliowatangulia, kama watu wanavyokuta salamu.

Watu wa mji ule wengi babu zao walitoka Makete na Rungwe. Walipotafutwa watu wa kwenda kuishi Mirihi, na ikatangazwa kwamba huko kuna baridi kali, wao walicheka. Wakasema kwao asubuhi umande huganda juu ya majani ya viazi na watoto wanakwenda shule vilevile. Basi wakapanda chombo, wakaenda.

Chungu chenyewe hakikuwa cha kupikia chakula. Lilikuwa tufe la chuma, kubwa kama kilima, limezikwa chini ya mji, na ndani limejaa sodiamu iliyoyeyuka, madini laini yanayong'aa kama bati jipya. Chini yake kulikuwa na moto. Kiunoni mwake kulikuwa na mapanga yanayoizungusha sodiamu upesi kuliko kule juu na kule chini. Kazi ya chungu ilikuwa moja tu, kuwapa watu mwavuli. Kwa maana Mirihi haina sumaku ya kujikinga. Ilikuwa nayo zamani, tumbo lake likapoa, sumaku ikatoka. Na jua likichafuka hutema chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, zinapita ngozi, zinapita nyama, zinaingia mpaka mfupani. Duniani sumaku ya dunia huzisukumia kando. Kule Mirihi watu ilibidi watengeneze sumaku yao wenyewe, na ufundi wakauiba kwa jua lilelile linalowatemea.

Wapishi wa chungu walikuwa wawili. Mmoja ni Subilaga, mwanamke mkubwa mkubwa, mwenye sauti nzito, aliyeanza kazi hiyo tangu hajaota mvi. Wa pili ni wifi yake Tumpe, mke wa mdogo wake Ambakisye. Ambakisye alikuwa kiongozi wa msafara wa barafu, watu wanaokwenda na magari ya kuburuta hadi Bonde la Kaskazini kuchonga barafu na kuileta mjini iwe maji. Mawifi hao walikuwa wakitaniana asubuhi na jioni. Tumpe alikuwa akisema ukoo wa mumewe wamejaliwa mabega kwa kuwa akili zilikuwa zimekwisha kugawiwa, na Subilaga alikuwa akimwambia ndiyo maana tukaoa kwenu, tulijua huko hakuna mabega wala akili, hatutapata ushindani.

Sasa, mama yake Tumpe akafariki. Tumpe akaenda kukaa matanga, kama inavyopasa, na Subilaga akabaki peke yake na chungu. Hakuwa na wa kumpokeza. Akajitandikia godoro pembeni mwa mishale, kengele ikilia anaamka, ikinyamaza analala. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumlazia, hakulaza. Aliuangalia wenzo siku ya kwanza, akajiambia, nikilaza namlazia nani? Mimi na mimi tunajuana.

Mafundo ya sumaku yakaongezeka ndani ya chungu. Mishale ikawa inachezacheza kama mkia wa mbuzi. Yeye akaviacha. Na kabla matanga hayajaanuliwa aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu ashike kazi ile: mshale mkubwa, ule unaoonyesha nguvu ya mwavuli, ulikuwa umepanda.

*

Tumpe aliporudi, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, Subilaga hakumpa pole mara ya pili. Alimshika mkono akampeleka mbele ya ule mshale, akamwambia atazame.

Tumpe akatazama. Akauliza kama mafundi wamebadilisha mapanga tena. Maana mwavuli ulikuwa ukififia mwaka hadi mwaka, na kila mara mafundi walisema ni mapanga yamechakaa. Wakayang'oa, wakatia mapya, wakaongeza kasi, mwavuli ukazidi kufifia.

"Hakuna fundi aliyekuja," Subilaga akasema. "Ni mimi sikulaza."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote. Ningemlazia nani, wifi, na wewe uko msibani?"

Tumpe akaketi kwenye godoro. Kila mmoja alikuwa anarudi nyuma kwenye mafunzo ya ujana wake, kwa mama mmoja aliyeitwa Bi Zamoyoni, aliyewafundisha wapishi wote.

Bi Zamoyoni alikuwa na tabia ya kufundisha kwa mikono. Aliwaambia hivi: msidhani jua lina sumaku kama kipande cha chuma kilichofichwa tumboni. Jua halina chuma kigumu ndani yake. Ni moto mtupu, hewa iliyochemka mpaka ikapasuka kuwa chembe za umeme. Na chembe za umeme zikitembea, sumaku huzaliwa. Sasa jua linazunguka, lakini halizunguki kama jiwe. Kiuno chake kinakwenda upesi, kichwa na miguu vinachelewa. Nyuzi za sumaku zimenaswa ndani ya ile hewa, haziwezi kujitoa. Kiuno kinapotangulia kinazivuta, zinazungushwa, zinazungushwa, mpaka zinalifunga jua tumboni kama mkanda wa mama aliyetoka kujifungua.

Kisha alikuwa akichukua nyuzi za katani akawaambia wazivute. Wanavuta. Anawauliza, imekuwa kamba? Wanasema hapana, ni nyuzi zimenyooka tu. Hapo anazisokota juu ya paja lake, mara moja, mara mbili, kamba imetoka. Anasema kuvuta peke yake hakufanyi kamba, sharti kuwe na msokoto. Na msokoto wa jua unatoka chini, kwenye joto. Hewa ya moto inapanda kutoka tumboni kama mapovu ya uji mzito, na kwa kuwa jua linazunguka, kila povu linapanda likijipinda. Linaubeba uzi wa sumaku, linaupinda nao. Nyuzi zilizopindwa ndizo zinazorudisha sumaku kule kichwani na miguuni ilikoanzia, kiuno kikapata kitu cha kuvuta tena. Zingine zinakazwa mpaka zinachomoza nje, na pale zinapochomoza jua huonekana lina doa jeusi. Watu wanaona doa wanadhani jua linaumwa. Halina ugonjwa. Linasokota.

Na mtu mmoja aliwahi kumuuliza, je, ule uzi wa kwanza kabisa ulitoka wapi? Bi Zamoyoni akajibu kwa swali: mtindi wa leo unagandishwa na nini? Na mtindi wa jana uliobakizwa kidogo kwenye kibuyu. Na ule wa jana? Wa juzi. Ukibakiza kidogo, hukosi. Jua lilipoumbwa lilikuta sumaku hafifu imetapakaa angani, ikalitosha kuanzia. Tangu hapo linajitengenezea kila siku, linatumia mwendo wake na joto lake. Likiacha kujisokota leo, baada ya muda litakuwa moto usio na sumaku.

"Tumekuwa tunamwaga mtindi," Tumpe akasema taratibu.

Subilaga akaitikia kwa kichwa. Kulaza ni kupoza moto wa chini ili mapovu yatulie. Mapovu yakitulia hakuna msokoto. Mapanga kiunoni yalikuwa yanavuta, yanavuta, wala hakuna anayesokota. Asubuhi walilaziana, jioni walilaziana, na waliowatangulia walilaziana. Kwa adabu zao walikuwa wakiuua mwavuli kidogo kidogo, na kila mmoja anamshukuru mwenzake.

"Na mimi nilikuwa nakulazia vizuri kuliko ulivyokuwa unanilazia," Tumpe akasema. "Nilikuwa najisifu hata kwa mume wangu."

"Basi umeua zaidi yangu."

Wakacheka, ingawa mmoja alikuwa na msiba kichwani, na kicheko hakikufika mbali.

Walipanda juu wakamweleza Mama Chaula, mkuu wa mji. Huyo alikuwa mama mkavu asiyependa maneno mengi, na alikuwa mhandisi. Akaleta mafundi, wakapima, wakarudia kupima. Mafundi walisema wamekuwa wakiyaona mafundo hayo kwenye mitambo yao na kuyahesabu kama kasoro. Hakuna aliyemcheka mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa msafi. Mama Chaula akaamuru kuanzia siku ile wenzo wa kulaza usiguswe na yeyote mpaka aseme yeye.

*

Chungu kikaachwa kisokote. Mwavuli ukapanda, watu wakafurahi, wakulima wakaanza kuzungumza habari za kufungua mabanda mapya ya maharage. Kitu ambacho hawakukitazama mapema ni kwamba aliyeiga ufundi wa jua ameiga na vituko vyake.

Kwa maana jua halisimami na sumaku ya namna moja. Ile mikanda ya kiunoni ikichomoza na kukatika, vipande vyake hutembea kwenda kichwani na miguuni, na vinapofika vinakuta sumaku ya zamani, navyo viko kinyume chake. Vinaila. Kidogo kidogo inakwisha, halafu ile ya kinyume inasimama mahali pake. Kaskazini inakuwa kusini. Jua hufanya hivyo kila baada ya miaka kumi na moja hivi, halafu hugeuka tena, wala halijali anayetazama. Chungu cha Kitulo Mpya kilikuwa hakijawahi kugeuka kwa sababu kilikuwa kimelazwa. Sasa kilikuwa kinajiandaa.

Subilaga aliliona kwenye mishale siku moja baada ya chakula cha mchana. Mshale wa juu ulikuwa unashuka, na wa kiunoni umekaza mpaka unatetemeka. Akamwita Mama Chaula kwa simu. Mama Chaula akashuka, akasimama mbele ya mishale muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akasema kwamba kikigeuka, katikati ya kugeuka hakutakuwa na mwavuli kabisa. Huenda kwa siku nzima. Watu wateremke mahandakini na mbuzi wao, kila kitu kifungwe, nao wangoje. Akasema pia kwamba vyombo vinavyolitazama jua vimeleta habari mbaya: upande unaowaelekea una madoa makubwa, na moja limekwisha kuanza kutema.

Subilaga akauliza kama kinaweza kulazwa sasa hivi, kizuiwe kugeuka mpaka jua litulie.

"Ukikilaza sasa," Mama Chaula akasema, "umeila ile nguvu ndogo iliyobaki ya kuvukia. Kinaweza kukwama katikati. Kikikwama, hatuna cha kuanzia upya. Msikiguse."

Akapanda juu kwenda kupiga kengele ya mahandaki. Wala hakutaja msafara wa barafu, na si kwamba aliusahau. Alikuwa ameona Tumpe anaingia kupokea zamu.

Msafara ulikuwa njiani kurudi. Ulikuwa bado na siku mbili za mwendo, tena katikati ya uwanda ambao, ukiondoa ule mwavuli, hauna hata mwamba wa kujibanza. Watu watano na magari yenye maturubai.

Subilaga angeweza kuondoka kama kawaida ya zamu, akamwacha wifi yake asijue mpaka liwe limekwisha kuwa. Wazo hilo lilimjia, na halikumjia kwa haraka likapita, lilikaa. Kisha akalitupa, kwa kuwa alijua hangeweza kula naye tena. Akamweleza yote, bila kupunguza: kugeuka, madoa, amri ya Mama Chaula, kukwama.

Tumpe alisikiliza huku anafungua na kufunga kitambaa chake cha kichwani. Alipomaliza kusikia akaenda kwenye redio akamwita mumewe.

Ambakisye akaitika kwa utani, kama desturi yake, akauliza ni wifi gani amemchokoza mwenzake leo. Subilaga akachukua redio mkononi mwa Tumpe akamwambia kilichopo. Kisha mdogo wake akauliza maswali ya mtu wa kazi: kinageuka lini, mwavuli utakosekana muda gani, jua limekwisha kutema au bado. Subilaga akamjibu alivyojua. Na mwisho, kwa sababu alitaka mtu amsaidie kuubeba mzigo ule, akamuuliza yeye anaonaje.

"Dada," Ambakisye akasema, "unaniuliza kinachofaa au ninachotaka? Kinachofaa mnacho ninyi hapo. Mimi nataka kurudi nyumbani. Usitegemee nikwambie maneno mengine ili ulale vizuri."

Subilaga akakaa na redio kifuani.

Ambakisye akaendelea, sauti yake imeshuka. Akasema barafu waliyobeba ni nyingi, na maji hukinga chembe za jua vizuri, hata yakiwa yameganda. Wakisimama pale walipo, wakashusha mapande yote, wakayapanga kuwa kuta na dari, wanaweza kujifukia humo. Lakini ni kazi ya kutwa nzima kwa watu watano. Kama chungu kinageuka sasa hivi, kitawakuta wameshikilia mapande mikononi.

"Anzeni kushusha," Tumpe akasema kwa nyuma, kwa nguvu ili asikike. Akaizima redio.

Kisha akaenda kwenye wenzo wa kulaza.

Subilaga alikuwa karibu naye kuliko yeye alivyokuwa karibu na wenzo. Alikuwa na mabega yale yaliyokuwa yanataniwa. Angenyoosha mkono tu, ingetosha, na wala Tumpe hangeshindana naye kwa nguvu. Mji mzima ulikuwa unashuka mahandakini juu ya vichwa vyao. Walisikia vishindo vya miguu na mbuzi wanalia. Watoto wote wa Kitulo Mpya walikuwa katika vishindo vile, na watoto wa watoto wao ambao wangehitaji mwavuli. Na kule uwandani alikuwa mtoto wa mama yake, aliyembeba mgongoni mwenyewe.

Tumpe akageuka akamtazama, akampa nafasi.

"Mara moja tu," akasema. "Kipate kuchelewa kutwa moja. Utanizuia?"

Subilaga alikaa kwenye godoro, akaitia mikono yake chini ya mapaja akaikalia. Na Tumpe akauvuta wenzo.

Moto wa chini ukapungua. Mapovu yakalegea, mshale wa kiunoni ukaacha kutetemeka, ukalala. Tumpe akahesabu kwa midomo bila sauti, kisha akaurudisha wenzo mahali pake, akauachia kama mtu aliyeshika sufuria la moto.

*

Chungu kilichelewa kutwa moja na kitu. Kisha kikaanza.

Mwavuli ulishuka, ukashuka, mpaka mshale mkubwa ukasimama kwenye sifuri. Mama Chaula alikuwa amesema huenda siku nzima. Siku ikapita mshale haujasogea. Ikapita nyingine. Moto ulikuwa unawaka, mapovu yanapanda, mapanga yanavuta, lakini kile kidogo cha kuanzia kilikuwa kimepunguzwa, na chungu kilikuwa kama mtu anayepuliza majivu akitafuta kaa moja jekundu. Mawifi wale hawakutoka pale. Hawakutaniana. Mmoja akisinzia mwenzake anatazama, na aliyesinzia akiamka anauliza, anajibiwa bado.

Juu yao jua lilikuwa linatema. Mahandakini watu walikaa na mbuzi wao na mablanketi, wanaimba mapambio, wanagombana juu ya nafasi, wanagawana uji. Hakuna aliyeumia. Lakini ule mtemo uliunguza mitambo iliyokuwa ikipasha joto mabanda ya kilimo, na hakuna aliyeweza kutoka kwenda kuitengeneza. Siku moja mabanda yangeistahimili. Siku tatu hayakuweza. Baridi ya Mirihi ikaingia, na maharage yote, yaliyokuwa yameanza kutoa maua, yakaganda yakiwa yamesimama.

Ndipo mshale ukatikisika. Ukaenda upande mwingine, ule ambao kioo chake kilikuwa hakina hata alama ya mkwaruzo kwa kuwa hapajawahi kupita mshale. Ukarudi. Ukaenda tena, ukabaki. Subilaga alitazama mpaka ulipopanda kiasi cha kutosha hata kwa mtu asiye na macho mazuri. Akamwamsha Tumpe. Kaskazini ya Kitulo Mpya ilikuwa imekuwa kusini, na mwavuli ulikuwa unafunguka.

Redio ilikaa kimya mpaka siku ya pili yake, ndipo habari za msafara zikaja. Wote watano walikuwa hai. Walikuwa wamejifukia kwenye barafu kama viazi shimoni, wamekula mikate iliyoganda, na Ambakisye, aliyeingia wa mwisho kwa kuwa alikuwa anaziba mlango, alikuwa anatapika.

*

Mkutano ulifanyika bandani kwa Mzee Tweve, katikati ya maharage yaliyoganda, kwa sababu Mama Chaula alitaka watu wayaone wakizungumza. Tweve alikuwa mkulima wa banda lile. Alisimama pembeni na kofia mkononi kama mtu aliyefiwa nyumbani kwake.

Mama Chaula akaeleza hasara. Chakula kingetosha kwa kubana, wala watu wasingekufa njaa, ila watoto wangelala bila kushiba kwa msimu mzima, na mbegu ingebidi iombwe kwa mji wa jirani. Kisha akasema mwavuli ulichelewa kurudi kwa sababu chungu kililazwa kinyume cha amri yake, na akauliza ni nani.

"Sisi," Subilaga akasema.

"Ni mimi," Tumpe akasema. "Yeye alikalia mikono."

Watu wakanung'unika. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema kwa uchungu kwamba watu watano wamekula chakula cha watu wote. Mwingine akamkatiza akasema na wewe ungekuwa na mtu kule ungesemaje. Wa kwanza akasema ndiyo, ningelaza, na ningestahili kusemwa vilevile. Ambakisye alikuwapo, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, nywele zimeanza kumtoka. Hakujitetea wala hakumtetea mtu.

Mama Chaula akamuuliza Tumpe swali moja tu: ikitokea tena, atafanyaje?

Tumpe alifikiri kwanza, na watu wakaona kwamba anafikiri kweli.

"Nitalaza," akasema. "Mama, nisikudanganye. Na mwezi ujao mume wangu atakwenda tena kuchonga barafu, maana maharage haya hayapandwi upya bila maji. Mkiniacha pale akiwa uwandani, nitaangalia mishale kwa jicho moja na redio kwa jingine. Mkono wangu naujua sasa. Niondoeni."

Mama Chaula akamgeukia Subilaga.

"Ni ndugu yangu," Subilaga akasema. "Mimi nilikalia mikono mara hii. Mara nyingine sijui nitakalia nini."

Mafundi wakatazamana, na ikajulikana kwamba fundi mmoja ana mtoto msafarani, wa pili ana shemeji, na mji ni mdogo kiasi hicho. Mwisho Mzee Tweve akavaa kofia yake. Akasema yeye hana mtu uwandani. Mkewe alikwisha kufa, watoto hakujaliwa, na alichokuwa nacho hapa duniani, akajirekebisha akasema hapa Mirihi, kimesimama mbele yao kimeganda. Kama wanataka mtu asiye na sababu ya kulaza, wamchukue yeye, ila yeye hajui sumaku hata kidogo.

Basi wakakubaliana kwamba Tumpe amfundishe, na kila msafara ukitoka yeye akae na chungu badala ya mawifi wote wawili.

Alimfundisha kwa muda wote uliobaki kabla ya msafara kuondoka. Alimwonyesha mapanga na moto, akamsokotea nyuzi za katani pajani, akamweleza mafundo yakiongezeka asiogope, na mishale ikichezacheza aiache icheze. Tweve alikuwa mwanafunzi mzuri. Aliuliza polepole na hakusahau. Ambakisye akaja kuaga, amevaa kofia ya sufu kuficha kichwa, akapeana mkono na mzee.

Alipokwisha kuondoka, Tumpe akampeleka Tweve kwenye wenzo wa mwisho, ambao alikuwa akiuruka siku zote.

"Na huu," akasema, "ndio wa kulaza."

Tweve akauliza unavutwaje. Tumpe akamwonyesha bila kuugusa: unashushwa mpaka chini, unahesabu, unaurudisha. Mzee akauliza unavutwa lini.

Tumpe akasikiliza kidogo. Juu, mbali, magari ya barafu yalikuwa yanapita lango la mji.

"Mama Chaula amesema usivutwe," akasema. "Mimi niliuvuta. Nimekueleza yote ninayoyajua, mzee wangu."

Akakusanya kanga yake, akamwachia kiti. Mzee Tweve akaketi, akavitazama vile vioo vya mishale kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akitazama maharage yake asubuhi. Kisha akainuka akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya kidogo, kama redio ile huwa inabaki imewashwa, au imezimwa.

Tumpe alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Akamwambia achague mwenyewe.